Tela Nyuma, Upepo Ngapi?

"Fundi, jaza thelathini na tano zote." Kauli hiyo husikika kila asubuhi kwenye vibanda vya pancha kuanzia Ubungo hadi Msamvu, na kwa gari dogo lisilobeba kitu haina madhara makubwa. Siku ukifunga tela nyuma, namba moja kwa matairi yote haifai tena. Tairi la mbele la gari, la nyuma la gari na la tela yanabeba mizigo mitatu tofauti, na kila moja linataka upepo wake. Mwongozo huu ni kwa ajili yako unayevuta boti, jenereta, tangi la maji, spika za muziki au mazao ya shamba kwa pikapu au gari kubwa la familia. Malori na semi-trela yana taratibu zake, siyagusi hapa.

Kabla ya namba yoyote, shika jambo moja: mzigo haubebwi na raba, unabebwa na upepo ulio ndani ya raba. Chukua tairi la pikapu la LT265/75R16, ambalo utaliona kwenye Land Cruiser na Hilux nyingi. Lile la daraja la mzigo E, likiwa na PSI 80, linabeba kilo 1,550. Likiwa na PSI 65 linabeba kilo 1,360. Ukilishusha hadi PSI 50 linabaki na uwezo wa kilo 1,120. Tairi ni lilelile, kashata zilezile, nyuzi za chuma zilezile, lakini uwezo umepungua kwa kilo 430 kwa sababu ya upepo tu. Ndiyo maana huwezi kumwambia fundi namba ya upepo kama hujui uzito.

Namba mbili zinazochanganya watu

Fungua mlango wa dereva utazame nguzo ya katikati ya bodi, pale mlango unapofungia. Kuna stika yenye saizi ya tairi na upepo wake. Magari yaliyoagizwa Japani yakiwa yametumika huwa na maandishi ya Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka: 220 au 240, na pembeni kPa. Gawanya kwa 6.9 utapata PSI kwa makadirio mazuri: 220 ni kama PSI 32, 240 ni kama 35, 280 ni kama 41. Ukikuta 2.2 au 2.4, hiyo ni namba ileile kwa kipimo kingine. Stika nyingi za pikapu zina mistari miwili, mmoja wa gari tupu na mwingine wa gari lililojaa. Mstari wa gari lililojaa ndio unaoanzia nao unapovuta tela.

Namba ya pili iko ubavuni mwa tairi lenyewe, na hii ndiyo inayopotosha wengi. Ile si namba ambayo kiwanda cha gari kinakutaka ujaze. Ni upepo wa juu kabisa unaoruhusiwa kwa tairi hilo, au upepo ambao nao linabeba mzigo wake wa juu kabisa. Ukijaza PSI 80 kwenye pikapu tupu kwa sababu tairi limeandikwa 80, gari litarukaruka kama halina shokapu, kashata za katikati zitalika peke yake, na ukifunga breki kwenye lami yenye maji tairi litagusa barabara kwa ukanda mwembamba. Shimo la kwanza litapiga tairi gumu kiasi cha kuvunja nyuzi ndani.

Kuna hali moja ambayo stika ya mlangoni haitoshi: kama umebadilisha aina ya matairi. Wengi huvua matairi ya kiwandani na kuvalisha ya LT, yale ya pikapu, yenye kashata kubwa kwa ajili ya tope. Tairi la LT linahitaji upepo mwingi zaidi kubeba uzito uleule uliokuwa ukibebwa na tairi la kawaida. Ukiendelea kujaza namba ya stika, tairi lako jipya la bei ghali linafanya kazi likiwa na upungufu tangu siku ya kwanza. Watengenezaji wa matairi hutoa jedwali la mzigo na upepo kwa kila saizi. Liombe dukani unaponunua, na muuzaji anayejua kazi yake atakupatia.

Uzito uko wapi hasa

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo watu wengi wanaporuka hatua. Tela halikai nyuma ya gari tu likavutwa. Sehemu ya uzito wake inakaa juu ya ndoano, na ndoano iko nyuma ya ekseli ya nyuma. Kwa hiyo gari linafanya kama bembea ya ubao: nyuma inabonyea, mbele inanyanyuka.

Tuchukue mfano. Tela na mzigo wake lina kilo 1,500. Umelipanga vizuri, kilo 150 zimekaa kwenye ndoano, yaani asilimia 10. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ya pikapu ni mita 3, na kutoka ekseli ya nyuma hadi kwenye ndoano ni mita 1.2. Zile kilo 150 zinaiondolea ekseli ya mbele kilo 60, na ekseli ya nyuma haipati 150 bali 210. Tuseme ekseli ya nyuma ilikuwa na kilo 850 gari likiwa tupu, na umeweka kilo 300 kwenye bodi, juu ya ekseli hiyo. Jumla sasa ni kilo 1,360, yaani 680 kwa kila tairi badala ya 425. Tairi la nyuma limeongezewa mzigo kwa asilimia 60, na la mbele limepunguziwa kidogo. Anayejaza upepo sawa pande zote amekosea pande zote mbili.

Mizani za barabara kuu, kama za Vigwaza na Mikese, zimewekwa kwa ajili ya magari ya tani 3.5 na kuendelea, na si mahali pa kwenda kuomba kupimiwa pikapu. Lakini miji mingi ina mizani ya magari kwenye maghala ya nafaka, viwanda vya kukoboa na yadi za chuma chakavu. Ongea nao, lipa kidogo, kisha pima kwa hatua. Panda na matairi ya mbele peke yake, andika. Sogea hadi ya mbele na ya nyuma ya gari yote yawe juu, andika. Kisha tela peke yake, likiwa bado limefungwa kwenye gari. Toa namba ya kwanza kwenye ya pili utapata ekseli ya nyuma. Gawanya kila ekseli kwa idadi ya matairi yake. Pima ukiwa umepakia kila kitu kama siku ya safari: abiria, tangi la mafuta limejaa, maji, spea, vyote.

Uzito wa ndoano unaweza kuupima nyumbani. Tafuta mizani ya kupimia magunia ya mahindi, ile ya kukanyaga chini. Weka juu yake kipande cha mti kinachofikia urefu wa ndoano ya gari, tela likiwa mahali tambarare na matairi yake yamewekewa mawe, kisha shusha mkono wa tela juu ya mti ule. Urefu ni muhimu, maana tela lililoinama mbele au nyuma linadanganya mizani. Ukikuta uzito uko chini sana, chini ya asilimia 5 kwa mfano, usitafute dawa kwenye upepo. Tela la namna hiyo litayumba barabarani hata ukijaza vipi. Sogeza mzigo mbele kwanza, kisha ndiyo urudi kwenye geji. Na usipitilize uzito wa juu wa ndoano ulioandikwa kwenye kitabu cha gari.

Kujaza gari

Anza na stika, mstari wa mzigo kamili. Kitabu cha gari lako kikitaja upepo wa kuvutia tela, fuata hicho na usiniulize mimi. Vitabu vya baadhi ya magari ya Toyota, kwa mfano, vinasema uongeze kPa 20, yaani PSI 3, na usizidi kilomita 100 kwa saa. Kama stika ina mstari mmoja tu na kitabu kimepotea, acha matairi ya mbele kwenye namba ya stika, ongeza PSI 4 hadi 6 kwa ya nyuma, na usivuke kamwe namba ya ubavuni. Mbele usipunguze eti kwa sababu kumekuwa kwepesi. Usukani tayari umepoteza uzito, haufai kupoteza na ugumu wa tairi.

Upepo hupimwa tairi likiwa la baridi. Maana yake gari limesimama saa tatu au zaidi, au limetembea chini ya kilomita mbili hivi kwa mwendo wa pole. Kama kibanda cha pancha kiko kilomita kumi kutoka nyumbani, pima kwanza nyumbani kwa geji yako na uandike upungufu: "nyuma kulia pungufu 6". Ukifika, mwambie fundi aongeze 6 juu ya kile geji yako itakachosoma pale, hata kama namba itaonekana kubwa.

Nimesema geji yako kwa makusudi. Geji ya kompresa ya barabarani inaangushwa, inakanyagwa, inapigwa jua mwaka mzima. Vibanda viwili jirani vinaweza kutofautiana kwa PSI 5 kwenye tairi moja. Nunua geji nzuri, iweke kwenye droo ya gari ikiwa imefungwa kitambaa, na itumie hiyohiyo kila siku. Wala usiamini macho au teke. Tairi la radiali lenye upepo kamili huwa limebonyea kidogo chini, na lililopungukiwa moja ya tano ya upepo linaonekana vilevile. Ukimaliza, rudisha kofia ya kila valvu, maana vumbi likiingia kwenye valvu, upepo unavuja polepole usiku kucha bila pancha yoyote.

Matairi mawili ya ekseli moja yawe sawa, bila tofauti hata ya PSI 2. Nyuma ya pikapu inayovuta tela ndipo mtikisiko wa tela unapopokelewa. Ubavu laini unacheza kushoto na kulia kila tela linaposukumwa na upepo wa basi linalokupita, na mchezo huo ndio mwanzo wa tela kuyumba.

Tela lenyewe

Tairi la tela halina mtu wa kulihisi. La gari likipungua upepo, usukani unakuambia. La tela linaweza kwenda tupu kilomita nzima dereva akisikiliza redio, na anayegundua ni mwenye gari la nyuma anayewasha taa.

Matela mengi yanayochomewa mitaani hufungwa rimu na matairi ya gari dogo yaliyokuwa yamebaki gereji. Soma ubavu wa tairi hilo. Baada ya saizi kuna namba ya uwezo: 91 ni kilo 615, 95 ni kilo 690, 100 ni kilo 800, 106 ni kilo 950. Sasa rudi kwenye mfano wetu. Tela la kilo 1,500, kilo 150 ziko kwenye ndoano, 1,350 ziko kwenye ekseli moja, 675 kwa kila tairi. Ukiwa umefunga 195/65R15 yenye namba 91, tairi la Corolla na ndugu zake, umeshazidisha kilo 60 kila upande kabla ya kugusa shimo. Hakuna upepo utakaoliokoa tairi hilo. Funga la Hiace, 195R14C au 195R15C yenye namba 106, nawe umepata nafasi ya kupumua. Herufi C mwishoni mwa saizi ndiyo inayoonyesha tairi la kubebea mizigo. Tafuta tairi ambalo uwezo wake unazidi mzigo wako halisi kwa asilimia 15 au 20, kwa sababu mzigo hauwi sawa kushoto na kulia, na matuta yetu hayana huruma.

Kwa upande wa upepo, tela lenye mzigo linataka upepo wa juu kuliko gari: karibu na namba ya ubavuni pale mzigo unapokaribia uwezo wa tairi, na kupungua kufuata jedwali pale mzigo unapokuwa mdogo. Matairi yaliyotengenezwa maalumu kwa tela, yenye herufi ST mwanzoni mwa saizi, kwa kawaida hujazwa hadi namba ya ubavuni. Hakikisha pia rimu na valvu vinastahimili upepo huo. Valvu ya raba ya gari dogo haikutengenezwa kwa upepo unaozidi PSI 65, weka ya chuma.

Angalia umri. Ubavuni, mwisho wa mstari unaoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tela hukaa uani miezi likipigwa jua, kashata zinabaki nzima huku raba inakauka na kupasuka mistari midogo. Kwa hiyo tairi la tela usilihukumu kwa kashata. Likipita miaka sita, mtaalamu alikague kila mwaka. Likifika kumi, livue hata kama linang'aa. Na wanunuzi wa mtumba wasome tarakimu hizo kabla ya kuulizia bei.

Njiani

Kinachoua tairi ni joto, na joto linatokana na ubavu kukunjwa na kukunjuliwa. Tairi la pikapu lenye mzunguko wa mita 2.4, kwa kilomita 80 kwa saa, linazunguka mara 555 kwa dakika. Kila mzunguko ubavu unabonyea chini na kurudi. Upepo ukiwa pungufu unabonyea zaidi, joto linapanda, gundi kati ya raba na nyuzi za chuma inalegea, mwishowe kashata nzima zinabanduka. Marekani ililijua hili kwa gharama kubwa. Agosti 2000 kampuni ya Firestone iliita matairi milioni 6.5 yarudishwe, mengi yakiwa kwenye Ford Explorer, baada ya kashata kubanduka na magari kupinduka. Waliokufa walikuwa zaidi ya 200, na ajali nyingi zilitokea kwenye majimbo ya joto kama Texas na Florida. Matairi yenyewe yalikuwa na kasoro, lakini sehemu ya mabishano ilikuwa upepo: Ford ilikuwa imependekeza PSI 26 kwa gari hilo, Firestone ikataka 30. Tofauti ya PSI 4, ambayo huku kwetu fundi hukuambia haina shida.

Ajali zile zilizaa sheria iliyolazimisha magari mapya ya huko kuwa na taa ya kuonya upepo umepungua. Ukiwa nayo, jua kwamba kiwango chake ni upungufu wa asilimia 25 chini ya namba ya stika. Kwa gari linalovuta tela, kufika hapo ni kuchelewa. Na taa hiyo haioni tela, labda ununue vihisi vya kufunga kwenye valvu, ambavyo nakushauri uvinunue.

Simama baada ya saa moja ya kwanza. Gusa kila tairi kwa kiganja, kisha pima. Madereva wa safari ndefu wa Australia wana kanuni nzuri: tairi la gari la 4x4 likiwa la moto liwe limepanda PSI 4 hivi juu ya lilivyokuwa la baridi, na la gari la mizigo mepesi PSI 6. Likipanda zaidi ya hapo, ulianza na upepo mdogo, au umepakia kupita kiasi, au unakimbia sana. Likipanda kidogo kuliko hapo, ulijaza kupita mahitaji. Tairi moja likiwa la moto kuliko mwenzake kwenye ekseli ileile, tafuta sababu pale pale: breki inayobana, beringi, au msumari.

Usitoe upepo kwenye tairi la moto. Namba kubwa unayoiona imeletwa na joto. Ukiitoa, jioni tairi likipoa litakuwa pungufu, na kesho litapata joto zaidi. Kama limepanda mno, punguza mwendo au mzigo, si upepo.

Ukishuka mlima Kitonga ukiwa na tela, joto la breki linapita kwenye rimu na kuingia kwenye tairi, juu ya joto la tairi lenyewe. Shuka kwa gia ndogo, iache injini ishike gari, na chini ya mlima simama upoe kabla ya kupima chochote.

Wengine huhangaika na mwinuko. Umejaza PSI 35 Dar es Salaam kwenye joto la nyuzi 32, unalala Njombe, karibu mita 1,950 juu ya bahari, asubuhi kuna nyuzi 10. Baridi inashusha upepo zaidi ya PSI 3, lakini hewa nyepesi ya mlimani inaifanya geji isome juu kwa PSI 3. Geji itasoma 34 na nusu hivi. Acha kama ilivyo.

Ukiingia mchanga kushusha boti, unaweza kupunguza upepo wa gari hadi PSI 20 ili lisizame, kwa mwendo wa kutembea tu na bila kona kali. Beba kompresa ndogo, na usiguse lami kabla hujarudisha namba zote.

Tairi la tela lililotembea bila upepo, hata mita mia chache, lisijazwe tu na kuendelea. Fundi alivue aangalie ndani. Akikuta unga mweusi wa raba umemwagika au ubavu una mikunjo, hilo limekwisha. Likijazwa linaweza kupasuka mbele ya uso wake. Tembea na spea ya tela yenye saizi na uwezo uleule, ikiwa imejazwa hadi kiwango cha juu unachokitumia, kwa sababu kupunguza upepo porini ni rahisi kuliko kuongeza.

Ukirudi na kufungua tela, subiri hadi kesho asubuhi matairi yapoe, kisha rudisha ya nyuma ya gari kwenye mstari wa kawaida wa stika, vinginevyo mvua ya kwanza utateleza. Tela liweke kivulini au funika matairi yake, inua ekseli kwa vipande vya mti kama litakaa zaidi ya miezi miwili, na andika namba zako zote tatu, mbele, nyuma na tela, pamoja na uzito uliozizaa, kwenye karatasi ibandikwe ndani ya mlango wa dereva chini ya stika ya kiwanda. Mzigo ukibadilika, pima upya.